Mvumo wenye wazazi wawili: kisa cha amplifaya ya valvu iliyovuka bahari

Amplifaya iliyoletwa karakanani kwangu Mombasa ilikuwa Dynaco Stereo 70, na malalamiko ya mwenyewe, mzee aliyestaafu ualimu, yalikuwa mafupi: "Fundi, inavuma hata kabla sijaweka santuri." Nilipomwuliza inavuma vipi, alifunga midomo akavuma mwenyewe, sauti nzito ya chini isiyopanda wala kushuka, kisha akaongeza kwamba spika ya kushoto ndiyo mkosaji na ya kulia inasikika kwa mbali tu, labda usiku mji ukilala. Alitaja pia mambo mawili aliyoyaona madogo. Upande wa kulia hukwaruza mara kwa mara, na transfoma kubwa hunguruma yenyewe hata spika zikichomolewa, tena hupata moto kiasi cha kushindwa kuishika. Niliandika mambo hayo matatu katika mistari mitatu mbalimbali, kwa sababu mwenye kifaa huyakusanya yote chini ya jina moja la mvumo, na fundi akikubali jina hilo moja atatafuta ugonjwa mmoja.

Kifaa chenyewe kina safari ndefu. Stereo 70 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1959 na Dynaco, kampuni ya Philadelphia ambayo David Hafler alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, na iliuzwa zaidi ikiwa vipande vya kujiundia nyumbani kwa dola 99.95. Mnunuzi alifungua boksi, akafuata kitabu cha maelekezo waya kwa waya, na baada ya jioni chache akawa na wati 35 kwa kila upande. Mzee wetu alikuwa miongoni mwa vijana wa Kenya waliokwenda kusoma Marekani kwa zile safari za ndege za 1959 hadi 1963 zinazohusishwa na Tom Mboya. Aliiunda mwenyewe chumbani kwake chuoni, akarudi nayo kwa meli, na tangu hapo imelia nyumbani kwake kupitia transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 240. Nilipoifungua niliona lehemu zake za kijana wa miaka 22, nene kuliko inavyohitajika, na hakuna hata moja iliyoachia. Kwa hiyo niseme mapema kwamba katika kisa hiki sikuona kosa la kiwanda wala la aliyeiunda. Nilichokiona ni uzee wa vipuri, hewa ya chumvi ya pwani, na ukarabati mmoja wa katikati uliofanywa kwa nia njema.

Ili msomaji afuate hoja inampasa kujua kilichomo ndani. Kila upande una valvu mbili za EL34, chupa za kioo zinazokuza ishara, zinazofanya kazi kwa mpangilio wa sukuma-vuta, na mbele yake kuna valvu moja ya 7199 ambayo hukuza ishara kisha huigawa mara mbili, nusu moja ikiwa kinyume cha nyingine, ili kila EL34 ipate yake. Kinachopokea nusu hizo mbili na kuzifanya sauti moja ni transfoma ya spika. Umeme mkubwa wa pande zote mbili hutoka kwenye rektifaya moja ya GZ34, valvu inayogeuza umeme badilifu kuwa wa upande mmoja, hupita kwenye choki, koili ya kuulainisha, na husafishwa na kopo moja la alumini lenye kapasita nne (vihifadhi chaji) ndani yake, moja ya maikrofaradi 30 na tatu za 20. Kando ya hayo yote ipo njia ndogo ambayo mafundi wengi huipita bila kuitazama, nayo ni ya volti hasi za baiasi, zile zinazobana gridi za EL34, yaani nyavu za ndani zinazodhibiti mkondo, ili valvu zisipitishe mkondo kupita kiasi. Njia hiyo ina kipande kimoja cha rektifaya ya seleniamu na kapasita mbili za maikrofaradi 50, rezista ya kiloomu 10 ikiwa katikati yake, na inahudumia valvu zote nne.

Jambo ambalo lingeniokoa wiki tano kama ningelizingatia siku ya kwanza ni hili. Umeme wa Kenya una hezi 50, yaani hurudia wimbi lake mara 50 kwa sekunde. GZ34 hutumia pande zote mbili za wimbi, kwa hiyo viwimbi vinavyobaki kwenye umeme mkubwa huwa vya hezi 100. Rektifaya ya seleniamu hutumia upande mmoja tu, kwa hiyo viwimbi vyake ni vya hezi 50. Mvumo unaoingia kwa waya wa santuri au kwa njia mbili za ardhi kukutana nao pia ni wa hezi 50. Kwa sikio, tofauti kati ya 50 na 100 ni sawa na ya sauti ile ile ikiimbwa na mtu mzima kisha na mtoto wake. Aliyeizoea huitambua, na asiyeizoea anaweza kutumia osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la umeme, au hata programu ya simu inayochora masafa ya sauti, simu ikiwekwa karibu na spika.

Kabla ya kugusa chochote nilichomoa plagi, nikasubiri, kisha nikatoa chaji ya makopo kwa rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye kijiti kikavu. Transfoma ya kifaa hiki hutoa takriban volti 360 kila upande wa kati, yaani kilele chake hufika volti 509 valvu zikiwa bado baridi, na kapasita nzima inaweza kuhifadhi sehemu kubwa ya hizo muda mrefu baada ya plagi kutoka. Kiwashwapo, hupimwa kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa mfukoni au nyuma ya mgongo. Kwa anayejifunzia kwenye vifaa vya volti 12 haya si mambo ya kujaribia peke yake.

Chini ya shasi, fremu ya bati inayobeba vipuri, nilimkuta mgeni. Fundi aliyetangulia alikuwa ameongeza kapasita ya maikrofaradi 220 ya volti 450, akaibana kwa gundi ukutani mwa shasi na kuiunganisha moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea wa GZ34. Kichwa chake kilikuwa kimevimba. Ninaelewa alichofikiri: mvumo ni uchafu wa umeme, kapasita husafisha, basi kapasita kubwa husafisha zaidi. Lakini GZ34 imewekewa kikomo cha maikrofaradi 60 kwa kapasita ya kwanza inayokutana nayo, kwa sababu kapasita tupu hunyonya mkondo kwa pupa kila mara kifaa kinapowashwa, na pupa hiyo huipitia kathodi ya rektifaya, sehemu inayotoa elektroni. Tena umeme uliokuwa ukipita hapo nilipoupima ulikuwa volti 440, ukiwa umeiachia kapasita ya volti 450 akiba ya volti 10 pekee. GZ34 ya Mullard iliyokuwemo ilikuwa bado hai, jambo ambalo hadi leo linanishangaza.

Na hapo ndipo nami nilipokosea. Kumkuta mgeni yule kulinifanya niamini kwamba mgonjwa ni kopo kuu la kapasita nne, kwa kuwa hata fundi wa kwanza alilishuku. Nililipima, nikakuta sehemu mbili kati ya nne zimeshuka chini ya nusu, nikaagiza kopo jipya la umbo lile lile kutoka Marekani. Lilifika baada ya wiki tano. Nilimwondoa mgeni, nikafunga kopo jipya, nikawasha, nikaweka mita ya volti ndogo za umeme badilifu kwenye vituo vya spika vilivyofungwa rezista ya omu 8. Mwanzoni upande wa kushoto ulikuwa na milivolti 31 za mvumo, na wa kulia milivolti 3. Baada ya kopo jipya kushoto kulibaki milivolti 19. Kupungua kumepungua, ila spika za mzee ni za zamani, za aina inayolia kwa nguvu kidogo sana, na milivolti 19 ndani yake husikika chumba kizima. Kopo lilistahili kubadilishwa, hilo sijutii. Ninachojutia ni kulibadilisha kabla ya kujua mvumo ulikuwa wa hezi ngapi.

Nilianza upya, safari hii kwa utaratibu. Nilifunga milango ya kuingizia sauti kwa plagi ambazo pini yake ya kati imelehemiwa na ganda lake la nje, ili kisiingie chochote kutoka nje. Mvumo wa kushoto haukubadilika hata kidogo, kwa hiyo meza ya santuri, waya zake na njia za ardhi zote ziliachiwa huru kwa kipimo hicho kimoja. Kisha nikazima, nikachomoa 7199 ya kushoto, nikawasha kwa muda mfupi. Mvumo ukaongezeka. Wapo wanaoshtuka hapa na kudhani wameharibu kitu, kumbe ni jambo la kutarajiwa: sehemu ya sauti ya spika hurejeshwa kwenye 7199 ili irekebishe makosa ya njiani, na ukiitoa valvu hiyo umemwondoa msimamizi, kwa hiyo makosa yaliyokuwa yakifichwa hutokea uchi. Kwangu maana yake ilikuwa moja, kwamba chanzo kilikuwa nyuma ya 7199, katika EL34 mbili au katika umeme unaozilisha.

Osiloskopu ilimaliza swali lililofuata. Wimbi lilijirudia kila milisekunde 20, na umbo lake lilikuwa la msumeno, likipanda ghafla na kushuka taratibu. Milisekunde 20 ni hezi 50, na msumeno ni sura ya kapasita inayojazwa kwa mkupuo na kumwagika polepole. Katika kifaa hiki, baada ya kuzuia milango ya kuingilia, kitu pekee chenye sura hiyo kwa hezi hizo ni njia ya baiasi. Niligusisha ncha ya osiloskopu kwenye gridi ya EL34 nikaukuta msumeno ule ule, milivolti 400. Nilizing'oa kapasita mbili za baiasi na kuzipima: moja ilisoma maikrofaradi 3, nyingine 4, badala ya 50. Zilikuwa zimekauka kama dagaa.

Fundi mwenye haraka angeishia hapo, na ningemwelewa, maana ugonjwa umeonekana na dawa yake ni ya bei ndogo. Lakini lilibaki swali ambalo halikuniacha nilehemu kwa amani. Njia ya baiasi ni moja na inahudumia pande zote mbili. Niligusa gridi za upande wa kulia, nazo zilikuwa na milivolti 400 zile zile. Iweje basi kulia kuwe kimya na kushoto kuvume?

Jibu limo katika mpangilio wenyewe wa sukuma-vuta. Umfikirie mchukuzi wa maji mwenye mzegazega, debe moja mbele na jingine nyuma. Madebe yakilingana, ukimtikisa mchukuzi mzima kwa pamoja, mti unabaki sawa begani kwa sababu yanapanda na kushuka pamoja. Debe moja likipungua maji, mtikisiko ule ule unaupindua mti. Viwimbi vya baiasi hufika kwenye gridi za valvu zote mbili kwa wakati mmoja na kwa upande mmoja. Kila valvu inaviitikia, na transfoma ya spika, ambayo kazi yake ni kuchukua tofauti ya valvu hizo, inaondoa kilicho sawa na kubakiza kilichozidi. Zikilingana, kinachobaki ni karibu na sifuri. Kwa hiyo katika amplifaya ya aina hii mvumo daima una maswali mawili: unatoka wapi, na kwa nini haukufutwa. Swali la kwanza nilikuwa nimelijibu. La pili lilisema kwamba upande wa kushoto, kati ya EL34 mbili, kuna mzigo usiolingana.

Sasa kuna mtego ambao kila mwenye Stereo 70 anapaswa kuujua. Kifaa hiki hupimwa baiasi kwa volti zilizo juu ya rezista ya omu 15.6, na kitabu kinaagiza isomwe volti 1.56, yaani miliampea 100. Rezista hiyo ni moja kwa valvu mbili. Ni namba safi na rahisi kukumbuka, lakini inakueleza jumla bila kukueleza mgawanyo. Kushoto mita ilisoma 1.56 barabara, kama wali uliopimwa kwa kikombe. Nilizima, nikatoa EL34 moja, nikawasha na kusoma ya pili ikiwa peke yake, kisha nikabadilishana. Moja ilisoma volti 1.08, nyingine 0.50. Kwa maneno mengine, miliampea 69 kwa 32, huku namba ya kitabu ikitabasamu. Miliampea 69 kwa volti 440 ni wati 30 na ushei, nayo anodi ya EL34, bamba linalopokea mkondo huo, imewekewa kikomo cha wati 25. Hata ukitoa sehemu inayokwenda kwenye gridi ya skrini, valvu ile ilikuwa ikiishi juu ya mpaka wake au sawasawa nao kila jioni ilipowashwa.

Mzee aliponiambia kwamba fundi aliyetangulia alimshauri anunue EL34 nne mpya nilielewa ushauri ulikotoka. Mkondo usiolingana hufikiriwa kwanza kuwa ni uchovu wa valvu, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Lakini kuna jaribio lisilogharimu hata shilingi, nalo ni kuzihamisha. Niliweka valvu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Kama tatizo ni la valvu, namba kubwa ingehama pamoja nayo. Haikuhama. Soketi iliyokuwa na miliampea 69 ilibaki na 67, na valvu iliyokuwa mvivu ikawa ghafla mchapakazi. Valvu hazikuwa na hatia, soketi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipewa kitu kisicho sawa.

Nilipima volti za gridi. Soketi ya kawaida ilikuwa na volti 34 hasi, na ile yenye mkondo mkubwa volti 27 hasi, ilhali zote mbili hulishwa na kitufe kimoja cha kurekebishia baiasi. Volti 7 zilikuwa zimeongezwa na mtu. Gridi ina milango miwili tu: rezista ya kiloomu 270 inayoleta baiasi, na kapasita ya maikrofaradi 0.1 inayoleta sauti kutoka 7199. Kapasita hii inatakiwa kupitisha sauti na kuzuia umeme tulivu usivuke. Volti 7 juu ya kiloomu 270 ni maikroampea 26, kiasi ambacho hakiwezi kuwasha hata taa ndogo kabisa, na kilitosha kuivuruga amplifaya nzima.

Nililehemua mguu wa kapasita ulio upande wa gridi, nikauacha ukining'inia, nikawasha, nikaweka mita kati ya mguu huo na shasi. Kapasita nzima ingeonyesha volti chache mwanzoni kisha kurudi karibu na sifuri. Hii ilipanda, ikasita, ikapanda tena, ikatulia kwenye volti 118, na ikabaki hapo nikiitazama hadi kikombe changu cha kahawa kilipopoa. Upande wa pili wa kapasita ulikuwa na volti 290 za anodi ya 7199. Kwa nje haikuwa na ufa wala doa. Nilikuwa nimeipima siku ya kwanza kwa mita ya mkononi, ikasoma maikrofaradi 0.11, nikaipita, kumbe mita ya mkononi hupima kwa volti chache, na uvujaji wa namna hii hujitokeza kapasita inapobebeshwa mamia. Mwenzake, inayotoka kwenye kathodi ya 7199, hubeba volti pungufu sana, kwa hiyo haishangazi kwamba hii ndiyo iliyochoka kwanza. Kapasita za zamani za karatasi hunyonya unyevu, na kifaa hiki kimeishi miaka mingi umbali wa kusikia mawimbi.

Basi mvumo ulikuwa na wazazi wawili. Kapasita za baiasi zilizokauka zilizaa viwimbi, na kapasita ya sauti iliyovuja iliondoa ulinganifu ambao ungevifuta. Mmoja wao angekuwa peke yake, mzee huenda asingesikia kitu: upande wa kulia, uliokuwa na mzazi wa kwanza pekee, ulikuwa ushahidi wa jambo hilo tangu siku ya kwanza, na milivolti zake 3 nilikuwa nimeziandika mwenyewe daftarini bila kuzisoma. Vilevile ndiyo sababu kopo kuu lililochakaa lilisikika zaidi kushoto. Hata viwimbi vya hezi 100 vya umeme mkubwa hufutwa na ulinganifu huo huo, na kushoto ulinganifu haukuwepo.

Matengenezo yenyewe yalichukua asubuhi moja. Nilibadilisha kwanza njia ya baiasi pekee, ili nijue kila dawa imetibu kiasi gani. Niliweka kapasita mbili za maikrofaradi 100 za volti 100, na mahali pa seleniamu nikaweka dayodi ya silikoni ya 1N4007. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa macho mawili: volti za baiasi ni hasi, kwa hiyo mguu chanya wa kapasita ndio unaokwenda kwenye shasi. Mkono uliozoea kufunga hasi kwenye shasi utafanya kinyume bila kufikiri, na kapasita iliyogeuzwa hapo itaiacha EL34 bila kizuizi, anodi yake itawaka nyekundu kabla hujaifikia swichi. Kwa sababu silikoni hupoteza volti kidogo kuliko seleniamu iliyozeeka, baiasi huongezeka upande wa hasi, kwa hiyo nilirudisha vitufe vyote kwenye hasi ya juu kabisa na kupandisha mkondo polepole. Mvumo wa kushoto ukashuka kutoka milivolti 19 hadi 4. Kisha nikabadilisha kapasita za sauti, zote nne za pande zote mbili, kwa za plastiki za volti 630, ambazo bei ya zote nne haifiki sahani ya biriani. Kushoto kukasoma milivolti 0.7, na kulia 0.6.

Baada ya hapo nilirudia jaribio la kutoa valvu moja moja. Kushoto zilisoma volti 0.83 na 0.74, kulia 0.80 na 0.77. Ile iliyofanyishwa kazi kupita kiasi kwa muda usiojulikana imechoka kidogo kuliko wenzake, lakini EL34 nne ambazo mzee aliambiwa azitupe zina maisha bado, na nilimwambia pesa za valvu mpya azihifadhi kwa siku ambayo 7199 itakufa. Hiyo ndiyo valvu ya kuihofia, kwa kuwa za asili ni adimu, na wengi huishia kutumia 6GH8A kwa soketi ya kubadilishia miguu.

Ulibaki mngurumo wa transfoma, ambao haukuhusiana na lolote kati ya hayo. Soketi ya nyumbani kwa mzee ilisoma volti 247, na transfoma yake ya kushusha ilikuwa ya kugawa nusu barabara, kwa hiyo amplifaya ilikuwa ikipokea volti 123.5. Kwa nambari hiyo peke yake si tatizo kubwa. Lakini Marekani umeme ni wa hezi 60, na chuma cha transfoma kikilishwa volti zile zile kwa hezi 50 hubeba sumaku iliyozidi kwa sehemu moja ya tano. Chuma kikikaribia kushiba, hunguruma na kupata moto, na hakuna kapasita itakayokinyamazisha. Hezi hatuwezi kuzibadilisha, volti tunaweza. Nilimtafutia transfoma ya kushusha ya volti 240 kwenda 110, ambayo kwa umeme wa mtaa wake hutoa volti 113. Nyuzi za kupashia valvu, zilizokuwa zikipata volti 6.7, sasa zinapata 6.1, ndani ya kiwango cha 6.3 kwa kupungua kidogo kunakokubalika. Kwa kuwa umeme mkubwa nao ulishuka, nilirekebisha baiasi upya. Baada ya saa mbili za kuwaka, transfoma bado ina moto, lakini kiganja kinakaa juu yake, na mngurumo unasikika kwa anayeinamisha sikio tu. Nguvu ya juu kabisa imepungua kidogo. Mzee, ambaye husikiliza taarabu baada ya isha akiwa na jirani ukuta kwa ukuta, hakuona upungufu huo.

Mkwaruzo wa kulia ulikuwa swichi ya mbele ya kuchagua stereo au mono, iliyoota kutu ya kijani. Dawa ya kupuliza na kuisogeza mara 20 ilitosha.

Alipokuja kuchukua kifaa chake nilikiwasha bila santuri, nikamwomba asogee karibu na spika ya kushoto. Alisogea, akasogea tena, mwishowe akaweka sikio kwenye kitambaa chake na kukaa hapo muda. "Mbona kama haijawashwa?" Nilimwonyesha valvu zikiwaka. Nilimwomba akirudishe baada ya miezi mitatu nipime baiasi tena, kwa kuwa vipuri vipya vinahitaji muda kutulia, akakirudisha siku ile ile tuliyoahidiana. Kushoto kulisoma 1.54, kulia 1.57, sikugusa kitu. Kapasita iliyovuja aliiomba, pamoja na kile kipande cha seleniamu, akavifunga kwenye karatasi na kuvitia mfukoni mwa kanzu. Alisema alivilehemu mwenyewe.